Tezo Katika Nyumba ya Bwana Ndevu

Ko, ko, ko... kimya... kisha ko moja ndogo, ya mpini. Niliisikia sauti hiyo kabla sijaona hata ukuta mmoja, nikiwa nimeinama naokota kuni juu ya mashamba ya pamba ya Baraka.

Wasomaji wenzangu, nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mjane, kichwa kimenyolewa. Na sauti ile nilikuwa nikiamka nayo kila asubuhi ya ndoa yangu.

Miaka ile ya hamsini kila mwanamume wa kwetu alilazimishwa kulima pamba. Mume wangu, Wilondja, alikuwa fundi wa mitumbwi. Aling'oa miche ya pamba akapanda muhogo. Habari zikamfikia msimamizi wa pamba, tukasikia kwamba askari watakuja kumpeleka gerezani Fizi. Kabla hawajafika, Wilondja alipakia makasia akaenda kuyauza Kazimia. Mtumbwi wake ulionekana ufukweni, umepinduka... mwenyewe hayumo.

Kwetu, mtu akimezwa na ziwa na mwili usipatikane, huzikwa kipande cha mgomba badala yake. Tulikivika shati lake. Mama mkwe akaninyoa kwa mkono wake mwenyewe. Askari walipofika walinikuta nimelala juu ya kaburi, udongo umejaa mdomoni. Wakanitazama, wakavua kofia, wakarudi zao.

Baada ya hapo, ni upweke tu. Nilipika bugali wa mume wangu pia kwa mazoea, nikautazama ukipoa. Shemeji yangu, Asukulu, akaanza kupita jioni kuuliza kama paa letu linavuja. Paa halikuvuja. Desturi ilikuwa kwamba matanga yakiisha yeye ndiye atakayenirithi, na mimi bado nilinusa moshi wa nguo za mume wangu kila nilipofunga macho. Mtu hurithiwa vipi akiwa bado anasubiri?

Sasa nyumba ile ilikotoka sauti. Bwana Ndevu, mzungu aliyelima kahawa, alikufa humo kwa homa zamani. Watu walisema seremala wake, aliyemfuata kaburini, bado anachonga kwa tezo sanduku la kumzikia bwana, lisilokwisha. "Iko muzimu mule," bamama waliniambia mtoni. "Ukisikia tezo, kimbia." Mmoja akanitania: "We uko mujane, pengine atakuchongea kitanda." Wakacheka, na mimi nikacheka nao ili nisilie.

Lakini mzimu gani hupiga mara tatu, kisha akageuza tezo na kugonga mpini kwenye mti ili chuma kikae? Mpini wa Wilondja ulikuwa wa marehemu baba yake. Ulilegea siku zote, naye alikataa kuubadilisha.

Nikapenya katikati ya miti ya kahawa iliyogeuka msitu. Ngazi zilikuwa zimepasuka, nguzo za baraza zimevaa ukungu. Ndani ya sebule isiyo na paa majani yalikuwa yameota kwenye vigae vya sakafu. Na katikati kulikuwa na mtumbwi mpya, mweupe, bado unanuka utomvu. Wilondja alikuwa amepiga magoti ndani yake, ndevu zimemjaa.

Kando yake palikuwa na chungu. Nilikijua. Asubuhi ile ile nilikiosha mimi, na mama mkwe akakibeba akisema anampelekea mgonjwa ndakala, dagaa wa ziwani kwetu.

Nilitua kuni zangu, nikakaa chini kwenye vigae.

"Nani amekuonyesha huku?" aliuliza.

"Tezo yako."

Akacheka kidogo, kama mtu aliyesahau namna ya kucheka.

"Mama anajua," nikasema. "Mi sijui. Sababu gani?"

"We hujui kudanganya, Mariamu. Ungelia kilio ya uongo, baaskari bangeona. Machozi yako ndiyo imeniokoa."

Nilimwambia tukimbie wote, mtumbwi unatosha. Alipitisha kidole ukingoni, akitafuta mahali penye kasoro.

"Na wewe ukipotea, bataelewa yote. Batamufunga mama. Bakia. Asukulu iko muntu muzuri, atakuchunga."

Wapenzi wasomaji... ningemsamehe kujificha. Nani asingeogopa gereza lile? Lakini alikwisha kunigawa, kama mtu anavyomwachia ndugu yake jembe kabla ya safari.

Sikumtaja kwa yeyote asiyejua. Baadaye mtumbwi ulikwisha, tezo ikakoma, na watu wakasema sanduku limekwisha. Leo nawasihi ninyi mnaopendwa: mkiwa hatarini, mwambieni anayewapenda, hata kama hajui kuficha uso wake. Msichukue kilio chake cha kweli mkakitumia kama ukuta wa kujificha. Mimi tangu siku ile nikilia hujiuliza ni nani anayefaidika.

Nilirudi na kuni zangu kichwani. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Nikamwambia nimemwona seremala wa Bwana Ndevu.

Mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea.

"Nilimuzaa, mwanangu," alisema.

"Na mi, mama? Ulininyoa..."

Alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa uani.

Nilivua kitambaa cha matanga nikakitandaza juu ya kuni. Nikachukua mkeka niliokuja nao nilipoolewa, nikashika njia ya Mboko, kwa wazazi wangu. Sijamaliza kuvuka uwanja, nikasikia nyuma yangu mama mkwe akifunga mlango, polepole, kisha akaweka komeo.