Na ya Kutolea

Foleni ya wakala wa pesa pale Kirumba ilikuwa ndefu hata dagaa waliokaushwa wakalowa upya kwa jasho la watu. Roza Odongo akakatiza katikati, gauni la njano, viatu mkononi. Jua lenyewe lilisogea limwone vizuri.

"Dada, foleni inaanzia nyuma," akasema Zadok, muuza nyavu.

"Nyuma wapi? Kule mbali Kisesa?"

Zadok akacheka, akampisha. Haikupita miezi mingi, wakawa wanaitana "mpenzi" hata mbele ya wateja.

Kisha Zadok akampigia simu, furaha imemjaa.

"Mpenzi, zile hela za ng'ombe wa mahari nimeikopesha serikali! Hatifungani, nimenunua kwa simu tu. Kila nusu mwaka wanatupa riba."

"Na zenyewe zinarudi lini?"

"Baada ya miaka ishirini na mitano."

Mawe ya ziwani yaliinama kusikiliza.

"Zadok, niolewe na mkongojo?"

"Kipenzi, subiri kwanza..."

"Serikali inakopeshwa na dunia nzima. Mimi nilikuwa na wewe tu."

Akakata simu. Kesho yake akarudi kwao Shirati, na simu za Zadok hakupokea tena.

Leso yake ya njano ilibaki dukani, ikining'inia kati ya nyavu. Wateja waliiulizia bei, Zadok aliwafukuza. Jioni aliinusa mpaka harufu ya mafuta ya Roza ikaisha, akaendelea kunusa.

Riba ya kwanza ikaingia. Akamtumia Roza yote. Ikarudi papo hapo.

Zadok akakaa juu ya ndoo, akausoma ujumbe macho yamelowa. Halafu akashtuka. Kilichorudi kimezidi! Roza alikuwa ameongeza ya kutolea, kile kidogo unachomwekea mama yako, au mtu anayekuuma moyoni, asikatwe akienda kwa wakala.

Akapiga. Safari hii ikapokelewa.

"Umenichukia, Roza?"

"Sana."

"Mbona umeniwekea ya kutolea?"

Mawimbi ya Shirati yakasikika simuni.

"Mazoea tu."

"Riba ndiyo ng'ombe wa mahari wa baba yako, Roza. Mmoja mmoja. Hela zenyewe nimewawekea wanetu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kukushangaza."

"Umenishangaza, mjinga wangu." Alikuwa analia na kucheka. "Basi usitume tena. Nunua huyo wa kwanza, umlete mwenyewe, baba akuone."

"Shirati ni mbali, mpenzi."

"Njoo upange foleni, kaka. Uko peke yako."