Boti Namba Nne

Mwili ulipatikana saa moja asubuhi, upande wa pili wa bwawa, penye matete. Mkata nyasi aliona jaketi la kuokolea la rangi ya machungwa, akadhani limepeperushwa na upepo. Akalivuta kwa reki. Likawa zito.

Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake. Kila Alhamisi alikuja kukodi boti ya makasia kwa saa moja, kisha akarudi zake nyumbani. Boti namba nne ilikuwa imepinduka kando yake, na kamba yake ya mbele ilikuwa imemnasa kifundo cha mguu.

"Amezama?" Inspekta aliuliza. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na hasira za karibu.

Daktari wa polisi alitikisa kichwa. "Jaketi lilimweka kichwa juu ya maji. Huyu ameuawa na baridi. Alfajiri, kama saa tisa hivi."

"Bwawa linafungwa saa kumi na mbili jioni."

"Basi tangu hapo alikaa humo kwa muda wa saa tisa akiwa hai, Inspekta. Sauti itakuwa ilimkauka mapema."

Inspekta aligeuka akaangalia gati ng'ambo. Mtu mmoja tu, mwenye macho na boti ya kuazima, angemfikia kwa dakika kumi. Akaona afadhali aanze kazi.

Kwenye gati alikuta mzee ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, suruali imelowa hadi magotini. Watu walimwita Nahodha, kwa utani, maana chombo kikubwa kuliko vyote alichowahi kukiongoza kilibeba watu wanne. Alikuwa amepokea na kufunga boti za bwawa hilo kwa miaka ishirini na sita.

"Ni mimi," alisema kabla ya kuulizwa. "Nimesahau boti. Nimeua mtu. Andika, mwanangu."

"Taratibu, mzee. Jana jioni ulifanya nini?"

"Nilifunga geti nikaenda nyumbani."

"Hukuona kwamba boti moja haipo?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Siku hizi nasahau. Kila mtu anajua."

Koplo alimpeleka kituoni, akawekwa mahabusu kwa tuhuma ya uzembe uliosababisha kifo. Alipanda gari bila kushikwa mkono.

Mwenye bwawa, mtu mnene aliyevaa kandambili za bei mbaya, alimpokea Inspekta ofisini. Ukutani kulikuwa na misumari kumi na miwili, kila mmoja na namba yake.

"Hii ya nini?"

"Mambo ya zamani. Mteja alikuwa anavua viatu, Nahodha anavitundika kwenye namba ya boti. Viatu vikiwepo, mtu yuko majini. Sasa tuna mfumo." Aligusa skrini mezani. "Tiketi, muda, boti, vyote humu. Boti ikitoka namba inakuwa nyekundu, ikirudi Nahodha anabonyeza, inakuwa kijani. Mwanawe ndiye aliyetutengenezea. Kijana ana kichwa. Baba yake, kichwa kimeshaanza kuvuja."

"Kinavuja vipi?"

"Anaita watu majina ya watu wengine. Anahesabu vitu mara tatu. Nikamwambia, Nahodha, wewe fuata skrini, achana na hesabu zako. Na jana skrini inaonyesha alibonyeza mwenyewe kwamba namba nne imerudi. Haikuwa imerudi. Utamfanya nini mtu kama huyo?"

"Nichapishie kumbukumbu za wiki mbili," Inspekta alisema.

Alizisoma kwenye gari, mlango wazi, kalamu mdomoni. Watu wa starehe hawana nidhamu ya saa. Huyu alirudi baada ya dakika arobaini na nane, yule sabini na moja. Mbele ya kila mstari liliandikwa jina la aliyebonyeza: Nahodha, Nahodha, Nahodha. Lakini mistari tisa ilikuwa tofauti. Boti hizo zilirudi baada ya saa moja kamili, hadi sekunde, na mbele yake liliandikwa neno "Mfumo".

Akatafuta mstari wa mwalimu. Alitoka saa kumi na dakika kumi na mbili, sekunde thelathini na tatu. "Alirudi" saa kumi na moja na dakika kumi na mbili. Sekunde thelathini na tatu. Mbele yake: Nahodha.

"Koplo," alisema, "nitafutie mtoto wa huyu mzee."

Kijana alikuja na laptopu kwapani. Nyumbani kwao wote walimwita Fundi, hata mama yake alipokuwa hai. Macho yalikuwa mekundu.

"Baba yako ana mkono mzuri sana," Inspekta alisema. "Anaweza kubonyeza sekunde ileile."

"Sijakuelewa, afande."

"Umenielewa. Huyu 'Mfumo' ni nani?"

Fundi aliikumbatia laptopu yake.

"Mashine tumeichukua. Wataalamu wetu wataona neno lipi lilibadilishwa, na saa ngapi. Ningependa nilisikie kwako kwanza."

Fundi aliweka laptopu sakafuni polepole.

"Alikuwa anasahau kubonyeza," alisema. "Boti imefika, imefungwa, lakini kwenye skrini bado nyekundu. Bosi anafoka mbele ya wateja. Akasema mara moja tena, anamfukuza. Mzee hana kitu kingine duniani, afande. Ukimtoa pale gatini hamalizi mwaka. Nikaandika mstari mmoja tu. Muda wa mteja ukiisha, mfumo uhesabu boti imerudi. Nilitaka kumfichia aibu."

"Ulimwambia?"

"Ningemwambiaje? Alikuwa anafurahi. Alidhani amepona."

Inspekta aliandika.

"Na jina?"

"Leo asubuhi alinipigia simu yeye mwenyewe. Akasema, mwanangu, nimeua mtu, nimesahau boti. Nikaelewa palepale. Nikafungua mfumo nikiwa nyumbani, nikafuta neno, nikaandika jina lake." Alijifunika uso. "Nina mtoto wa wiki tatu. Na yeye alishakubali. Nikasema watamwonea huruma, ni mzee, anasahau. Nikamwacha aseme."

"Ni baba yako."

"Najua ni baba yangu!"

Alitia sahihi maelezo yake saa nane mchana: uzembe uliosababisha kifo, na kuharibu ushahidi. Alipofungwa pingu aliuliza kama baba yake amekula.

Inspekta aliteremka mahabusu mwenyewe. Angeweza kumtuma Koplo, lakini siku nzima alikuwa akitamani kumpa mtu japo habari moja njema.

"Mzee, simama. Unakwenda nyumbani. Hukubonyeza kitu jana. Mashine ilijiandikia yenyewe kwamba namba nne imerudi. Mwanao ndiye aliyeipanga hivyo, na amekiri. Hukusahau."

Nahodha hakusimama.

"Sikusahau?"

"Hukusahau, mzee wangu."

"Jana nilihesabu," alisema. "Kabla ya kufunga geti. Nikapata boti kumi na moja. Nikahesabu tena kwa kuzigusa. Kumi na moja. Nikaenda kwenye skrini, zote kijani, kumi na mbili. Nikasema, ni hiki kichwa changu." Alikigonga kwa kiganja. "Leo nilipoambiwa kuna maiti, nikajua nimechanganya kila kitu, hata hiyo hesabu. Nilidhani nimeiota."

Inspekta alikaa kwenye benchi la saruji, karibu naye.

"Kumbe nilijua," mzee alisema. "Nilijua kuna mtu nje, nikaenda kulala."

Alianza kulia, taratibu, na Inspekta alimwekea mkono begani.

"Mwanangu," alisema Nahodha, "afadhali ningekuwa nimesahau."