Marehemu wa Kiingereza

Ukumbi wa Kibaha ulijaa hadi milangoni alasiri ile ya mwaka 1981, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mwanaamina, karani wa simu ofisi ya mkoa, gauni lake la maua ya njano limepigwa pasi, alikanyagwa mguu.

“Samahani, dada. Nimekuumiza?”

“Kiatu chako kina misumari?”

“Kina haraka tu. Kaa hapa, karibu na mashine ya picha.”

Alikuwa Isihaka, mfasiri wa sinema. Televisheni hatukuwa nayo. Michezo ya zamani ya mpelelezi wa Kiingereza ilitufikia kwenye mikanda ya sinema, naye aliifasiri kwa kipaza sauti.

Kesho yake simu ililia.

“Ofisi ya mkoa, nikuunganishe na nani?”

“Na wewe.”

“Bwana Isihaka, hii laini ya serikali!”

“Basi iambie serikali nimekukumbuka.”

Mwanaamina alicheka, na kicheko chake mwenyewe kikamtisha. Mchumba wake, Twalibu wa kijiji cha Masaki, alikwenda vita vya Kagera hakurudi. Maiti haikuonekana, na mama yake, Bi Sikuzani, hakutaka asomewe hitima. Mwanaamina naye kila akisikia buti barabarani kwao Kongowe, alitoka nje kutazama.

Wakapendana hivyo hivyo, Twalibu kati yao.

“Nikuoe lini, mpenzi?”

“Nikijua kama ni mzima au la.”

Mwezi uliofuata ukaja mchezo wa mama wa Kiingereza ambaye mumewe alipotelea vitani. Mwishoni mpelelezi alivua kofia, akamwambia mama yule kuwa mumewe yu hai. Isihaka alimwona Mwanaamina amekaza macho kwenye pazia.

“Mama,” akafasiri, “mumeo amekufa. Usimngoje tena.”

Mara mlango ukafunguka pale kwenye picha, mume akaingia.

“Na huyu nani?” watu wakapiga kelele.

“Ni… mzimu wake.”

Mwanaamina alitoka. Isihaka akamkimbilia mkanda ulipokwisha.

“Kiingereza nimesoma, Isihaka. Kwa nini umemuua?”

“Nilikuwa nasema na wewe.”

“Ungeniambia mimi. Si kwa kipaza sauti!”

Tangu hapo Mwanaamina akawa anazikata simu zake. Lakini jioni moja buti zilipita Kongowe, na Mwanaamina hakutoka. Alikaa kitandani, akiomba asiwe Twalibu. Ombi hilo lilimwumiza kuliko kungoja.

Asubuhi alipiga simu yeye. “Twende Masaki. Lile neno ukaliseme kwa mwenyewe, mama yake Twalibu.”

Bi Sikuzani alikuwa akimenya muhogo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ndiye wewe uliyemuua mwanangu huko Kibaha? Habari zimefika.”

“Ndimi, mama. Nisamehe.”

Kisu kiliendelea kumenya.

“Mimi neno hilo limenikaa kooni tangu vita viishe,” alisema mwishowe. “Mwiteni mwalimu Abdala. Asome hitima.”

Baada ya hitima pilau ilipakuliwa. Kwa mazoea, Bi Sikuzani alitenga sahani ya Twalibu, akaifunika kawa. Mwanaamina aliitazama, asithubutu kuigusa.

“Mpe mgeni,” mama akasema, uso ameugeuzia ukuta. “Inapoa.”