Teki ya Kwanza ya Onyesho la Nne

Mlango haukuwa umefungwa na taa ilikuwa inawaka. Ni mambo mawili ambayo Nasambu aliyataja kwanza alipoulizwa, kwa kuwa kuyashika mambo ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, alisukuma pazia la chumba namba sita katika ploti moja ya vyumba vya kupanga, Kawangware, mkononi chupa ya chai na mandazi ya watu watano, akamkuta Obiero amelala kifudifudi kwenye sakafu yenye maji. Alikuwa miguu mitupu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeng'ang'ania stendi ya taa iliyomwangukia begani.

Alimwita mara mbili. Ndipo akasikia stendi ikivuma, sauti nyembamba ya nyuki aliyefungiwa chupani, akajua asimguse. Alichukua fimbo ya ufagio ya jirani, akaisukumia swichi ya soketi ukutani. Sauti ikakatika. Obiero hakusogea.

Walikuwa wanafunzi watano wa darasa la filamu la Mwalimu Shiundu, linalofanyika katika ukumbi wa kukodi karibu na Nyayo Highrise. Mtihani wao wa mwisho ulikuwa filamu fupi ya kusisimua, dakika kumi na mbili, juu ya fundi wa stima aliyeunguza nyumba ya watu kisha akanyamaza. Obiero ndiye aliyekuwa mwelekezi. Whitney aliandika skripti, Austine aliigiza huyo fundi, Mukhwana alishika taa. Nasambu alikuwa wa kontinuiti: kazi yake ilikuwa kuhakikisha kikombe kilichokuwa mkono wa kushoto leo hakiwi mkono wa kulia kesho. Alipiga picha kila kitu kwa simu, na asichokipiga picha alikiandika daftarini.

Inspekta Kalondu wa upelelezi alifika saa mbili na dakika ishirini na tano. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyechoka kuona maiti.

"Stima ya kuunga, sakafu mbichi, kijana miguu chini," alisema akichuchumaa. "Huyu ni wa tatu mwezi huu. Mbona hana viatu?"

"Alikuwa anavua kila akiingia seti, madam. Alisema viatu vinaharibu sauti."

"Na nani alijua?"

"Sisi wote."

"Taa zilikuwa za nani?"

Mukhwana alikuwa amesimama mlangoni. "Zangu, afande. Lakini huo waya sikuufunga mimi. Jana sikuuacha hivyo."

Inspekta alimwonyesha kiungo alichokifunua chini ya tepu nyeusi, pale waya mwingine ulipokuwa umeshikishwa kwenye chuma cha stendi. Ncha za shaba zilikuwa zimekunjwa kama ndoano mbili zilizoshikana, kisha zikasokotwa mara tatu.

"Mimi sifungi hivi," Mukhwana alisema. "Hivi wanafunga wale wa kuunga stima kwa nguzo, ndio isichomoke upepo ukikuja. Ng'o! Si mimi."

"Fundi wa taa ni wewe, mtu amekufa na taa. Utanielezea huko kituoni."

Wakamchukua. Akina mama wa ploti walitazama wakiwa wameshika viuno. Mmoja akasema kwa sauti kwamba vijana wa kamera huleta mikosi.

Nasambu alibaki amekaa kwenye ngazi, chai ikipoa. Hakuwa na machozi bado. Alifungua simu kwa mazoea tu, aone onyesho la asubuhi lingeanzia wapi, akaikuta picha ya mwisho ya Ijumaa: saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni. Stendi ilionekana karibu na dirisha, na chini ya miguu yake mitatu kulikuwa na ubao mkavu. Mukhwana ndiye aliyeuweka, kwa sababu ya maji ya kufulia yanayopenya kutoka chumba cha pili. Waya ulishuka moja kwa moja hadi kwenye soketi, hauna kiungo wala tepu.

Aliinuka, akazunguka nyumba. Ubao ulikuwa umeegemezwa nyuma ya choo.

"Madam," alimwambia inspekta kabla gari halijaondoka, akimnyooshea simu. "Hii si ajali. Mtu aliingia hapa baada yetu."

Kalondu aliitazama picha, akaenda kuutazama ubao, akarudi akaitazama picha tena.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Moja ya Obiero. Ya pili ya Whitney."

* * *

Kwa hiyo Jumapili nzima ilikuwa ya Whitney. Alihojiwa kuanzia saa nne asubuhi. Sababu ilikuwepo, na kila mtu aliijua: wiki moja kabla, yeye na Obiero walitupiana maneno mbele ya darasa. Obiero alikuwa ameufuta mwisho wa skripti na kuandika mwingine, bila kumwuliza. Katika mwisho wa Whitney, fundi anatoroka. Katika mwisho wa Obiero, fundi anakaa mbele ya kamera, anataja jina la mtaa, siku na saa, na kukiri alichofanya. Onyesho hilo lilikuwa lipigwe Jumamosi asubuhi.

"Uliwaambia wenzako utamfanyia kitu hatasahau," inspekta alimwambia.

"Nilikuwa na hasira! Nilimaanisha nitatoa jina langu kwa hiyo filamu."

"Ufunguo ulikuwa wapi Ijumaa jioni?"

"Kwa mkoba wangu."

"Hukumpa mtu?"

Whitney aliutazama mkoba. "Sikumpa mtu."

Aliachiliwa jioni, akaambiwa asitoke Nairobi. Mukhwana hakuachiliwa.

Jumatatu saa tatu asubuhi Nasambu alienda kwa Mwalimu Shiundu. Mzee huyo alikuwa amekaa peke yake ukumbini, viti vimepangwa kama kawaida.

"Tafakuri yako haitakikani tena, mwanangu," alisema. "Nani ataandika sasa?"

Kila wiki aliwadai ukurasa mmoja: umefanya nini katika filamu, umejifunza nini, ungebadilisha nini. Wengi waliziandika dakika za mwisho. Nasambu alikuwa amejaribu kuandika yake usiku uliopita, akashindwa kupita sentensi ya kwanza.

"Mwalimu, naomba nisome za wengine. Nataka kujua kila mtu alikuwa wapi kila siku. Mukhwana hajaua mtu."

Mwalimu alimtazama, kisha akafungua droo.

Alisoma kwa saa mbili. Tafakuri za Obiero zilikuwa fupi na zenye ukali. Katika ya mwisho aliandika: *Nilianza filamu hii nikitaka kutisha watu. Sasa nataka iseme kweli. Mwigizaji wangu akiweza kusema mistari hii, atalala.* Nasambu alifikiri maneno hayo ni ya kisanii, akapita.

Kisha akafika kwa Mukhwana, tafakuri ya wiki tatu nyuma: *Leo nilikosea wenzangu. Nilikuwa nimfunze Austine kushika waya kabla ya onyesho la nne lakini nilichelewa Soko la Toi nikitafuta tepu. Nilipofika walikuwa wamemaliza kupiga. Nimejifunza kuheshimu muda.*

Na Austine, wiki hiyo hiyo: *Changamoto yangu ni kwamba sijawahi kushika waya maishani. Namshukuru Mukhwana kwa kunifunza kabla hatujaanza.*

Nasambu alizisoma tena, moja baada ya nyingine. Mmoja alisema amefunzwa, mwingine alisema hakufunza. Alitoa daftari lake kwenye mkoba, akalifungua ukurasa wa siku hiyo, alipoandika kila teki, yaani kila mara kamera ilipopiga. Mwandiko ulikuwa wake, wa haraka, wa mtu anayeandika bila kufikiri:

*Onyesho la 4, teki ya 1. Austine anamenya waya kwa meno. Anakunja ncha kama ndoano, anashikanisha, anasokota mara 3. Hatazami mikono. Teki ya 2: Obiero anamwambia afanye polepole, aonekane mgeni wa kazi.*

Hatazami mikono. Hiyo haikuwa mikono ya mtu asiyewahi kushika waya. Austine alikuwa amemletea soda juzi tu, akamwambia asijichoshe.

Kabla ya kupiga simu kituoni alipitia Toi. Whitney alikuwa kwenye kibanda cha mamake, anakunja suruali za mitumba ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari.

"Whitney, ulimpa Austine ufunguo."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nakuuliza."

Whitney alikaa juu ya furushi. "Alikuja hapa Ijumaa saa moja kasoro robo jioni. Akasema amesahau chaja. Akaurudisha saa mbili unusu. Manze, ningesema nini? Ningesema, wangeniuliza mbona niligawa ufunguo wa seti. Na Austine… Nasambu, huyo ni Austine. Yeye na Obiero wamekula sahani moja tangu darasa la tatu."

"Mukhwana analala seli."

Whitney alianza kulia. "Nitasema," alisema. "Twende."

* * *

Jumatano saa nane mchana, Inspekta Kalondu aliwaita wote ukumbini. Alitaka, alisema, waone pamoja kazi ya marehemu. Mukhwana aliletwa akiwa na pingu. Austine aliingia wa mwisho, shati jeusi, macho mekundu, akawasalimia wote kwa mkono. Polisi wawili walisimama nje ya mlango.

Nasambu alibonyeza kompyuta. Ukutani akatokea Austine mwingine, ndani ya ovaroli, akimenya waya kwa meno. Mikono ikakunja, ikashikanisha, ikasokota. Moja, mbili, tatu. Ikachukua muda mfupi kuliko kupenga kamasi.

"Tena," Kalondu alisema.

Nasambu akarudisha. Inspekta akatoa mfuko wa plastiki wenye kipande cha waya uliotolewa kwenye stendi, akauweka mezani chini ya mwanga.

"Austine, nani alikufunza hivi?"

"Mukhwana."

"Lini?"

"Siku hiyo. Kabla ya kupiga."

"Siku hiyo mimi nilikuwa Toi," Mukhwana alisema kwa sauti iliyokauka. "Na nimesema tangu Jumamosi, mimi sifungi hivyo."

"Austine, Ijumaa jioni ulikuwa wapi?"

"Kwangu. Mashimoni. Kutoka saa kumi na mbili na nusu sikutoka."

"Whitney?"

Whitney hakuinua kichwa. "Ulikuja kuchukua ufunguo, Austine. Nimeshaandikisha."

Ukutani picha ilikuwa imesimama, mikono ya Austine ikiwa nusu ya kazi. Austine aliitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama ndugu yake aliyemsaliti.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," alisema mwishowe. "Kuna watu walikuwa wananipandisha nguzo kwa sababu nilikuwa mwepesi. Nikafunga laini ya Mama Purity. Waya ulikuwa mwembamba, nilijua ni mwembamba. Saa nane mchana nyumba ikashika moto. Mama alikuwa ameenda kuteka maji. Mtoto alikuwa amelala ndani."

Kila mtu wa Mashimoni, mtaa huo wa mabanda, aliujua moto huo. Ulikuwa wa miaka minne iliyopita, na kila mtu alijua, au alidhani anajua, kwamba Nelima, ndiye huyo Mama Purity, aliacha jiko likiwaka. Mumewe alimwacha kwa sababu hiyo. Wanawake wa kanisa lake walihamia benchi nyingine.

"Obiero alijuaje?" Kalondu aliuliza.

"Nilimwambia mimi. Tulikuwa tunafanya mazoezi ya onyesho la nne, nikaanza kulia, akafunga mlango akaniuliza. Nilidhani namwambia rafiki. Baadaye akaniletea mwisho mpya. Akasema hutaigiza, utasema. Kisha tutampelekea Mama Purity aone kabla ya mtu mwingine." Alipangusa uso kwa kiganja. "Nilimwambia, buda, Mashimoni hawangoji polisi. Watanichoma. Akasema atasimama na mimi. Nikamwambia hapana. Akasema basi ataenda mwenyewe Jumamosi baada ya kupiga, niwepo nisiwepo."

"Ukauondoa ubao."

"Nikauondoa."

"Ukijua atavua viatu."

Austine aliitazama miguu yake. Mwalimu Shiundu, aliyekaa nyuma, alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa, akatoka nje.

"Nilifika steji ya matatu Jumamosi asubuhi saa kumi na mbili," Austine alisema, sasa akimtazama Nasambu peke yake. "Nikasimama ng'ambo ya barabara. Nikamwona akifungua mlango. Kumi na mbili na nusu. Ningemwita angegeuka."

"Mbona hukumwita?" Nasambu aliuliza.

"Sijui. Nilifungua mdomo."

Polisi waliingia. Pingu zilizomtoka Mukhwana ndizo alizofungwa Austine. Mukhwana alisugua vifundo vya mikono, akakaa chini.

* * *

Filamu haikumalizwa. Jioni ya siku ya pili, saa kumi, Nasambu alishuka Mashimoni akaulizia nyumba. Hakutumwa na mtu. Inspekta Kalondu alikuwa amesema polisi watamwita Nelima kuandikisha taarifa kwa wakati wake, na Nasambu aliona jambo hili lisingoje karatasi.

Alimkuta akichambua mboga mlangoni, mwanamke mwembamba ambaye hakuwa mzee lakini alikaa kama mzee.

"Hujambo, mama."

"Sijambo. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mimi ni Nasambu, wa Bungoma. Nilikuwa na Obiero kwa filamu."

"Ooh, pole. Huyo kijana alikuwa anakuja hapa kunisalimia. Karibu kiti."

Nasambu alikaa. Alikuwa amepanga maneno njiani na yote yakamtoka. Akasema tu: "Mama Purity, haikuwa jiko. Ilikuwa waya. Aliyeufunga amekiri mbele ya polisi, nikisikia."

Mikono ya Nelima ilisimama juu ya mboga. Hakulia, wala hakumshukuru Mungu. Alitazama jiko lake dogo kwenye kona, lililokuwa limezimwa na kumwagiwa maji hadi likatengeneza dimbwi.

"Nililizima," alisema polepole. "Nilikuwa najua nililizima. Wakasema mpaka nikasahau."

"Ulilizima, mama."

"Ni nani?"

"Austine."

Nelima aliligeuza jina hilo mdomoni bila sauti. Watu walipita na mitungi, na mtu alikuwa anagonga mabati nyumba ya tatu.

"Austine wa hapa juu? Huyo ndiye hunibebea maji," alisema. "Kila Jumamosi. Miaka minne. Nikimpa hata chai, hanywi."