Mchuzi Mweusi wa Mama Socorro

"Leobardo, usinishike, mikono yangu ina pilipili."

"Si vizuri? Nikiwashwa nitajua napendwa."

Eufemia akacheka, akamsukuma kwa kiwiko. Miaka kumi na tisa amepika katika mgahawa huu wa akina Urquídez, San Antonio, akimpenda Leobardo, mtoto wa mwenye mgahawa, kimya kimya kama mtu anayeficha jino bovu. Miezi miwili iliyopita Leobardo alimvisha pete. Mtaa mzima ulishangaa, yeye akiwa wa kwanza.

Pete hiyo ndiyo iliyomfungua mdomo Mama Socorro, mama yake Leobardo, akamfundisha Eufemia siri yake. Mchuzi mweusi wa nyumba ile, wa pilipili kavu, ufuta na chokoleti, hufundishwa mke wa mtoto tu, jikoni, kwa mdomo. Tangu mwaka 1938 ni marufuku kuuandika.

Jumapili hiyo watu waliotoka misa walipanga foleni hadi barabarani wakisubiri supu ya utumbo. Oda ziliingia kwenye simu ya Leobardo, na msomaji, kama kawaida, alikuwa Eufemia. Simu ikatoa mlio wa ujumbe.

"Maelezo ya mchuzi tumeyapata. Mpishi wako kaandika vizuri. Mgahawa tunanunua, saini kesho. Ile harusi sasa achana nayo, umejitahidi sana kaka, hahaha."

Akausoma mara mbili.

"Oda ya nani hiyo?" Leobardo akauliza.

"Yangu."

Akampa simu. Leobardo alisoma, akaitia simu mfukoni.

"Femia, nisikilize..."

"Uliniambia mama anasahau. Ukasema niandike, mchuzi usije ukapotea."

"Nimechoka! Nimezaliwa humu, nanuka vitunguu hata kanisani. Mgahawa mama alishauandikisha kwa jina langu, ni wangu."

"Na mimi?"

"Wewe ni mtu mzuri sana."

"Hata mbwa wa jirani ni mzuri, Leo. Ulinipenda hata kidogo?"

Leobardo akatazama sufuria.

"Nilijaribu."

Fimbo ikagonga sakafu. Mama Socorro alikuwa mlangoni, na masikio yake hayakuwa yamezeeka hata kidogo.

"Uliandika?" Hakumwuliza mwanawe. Alimwuliza Eufemia.

"Mama, aliniambia..."

"Mama mkwe wangu alinichapa mwiko siku niliyoshika kalamu. Ungenitukana, binti, ningekusamehe. Vua pete."

"Na yeye, mama? Si yeye ndiye anayeuza?"

"Huyo nilimzaa, sikumchagua. Wewe nilikuchagua."

Pete ikagoma kutoka. Eufemia akapaka kidole mafuta ya nguruwe, akavuta mpaka ngozi ikachubuka, akaiweka kwenye kiganja cha bibi kizee. Mama Socorro akaifumbata, akageuka, akaenda zake bila kumtazama yeyote.

"Bibi harusi!" mteja akapaza sauti kutoka mbele. "Bakuli tatu, na utumbo usitubanie!"

"Zinakuja, mzee!"

Akapakua. Tone halikumwagika. Leobardo akamsogelea, safari hii bila kumgusa.

"Femia... hao wanunuzi wanataka mtu wa kuwaonyesha mchuzi unavyopikwa. Mara moja tu. Jumanne utakuja?"

Jibu alilijua: hapana. Hata bakuli zilizokuwa mkononi zililijua. Lakini Leobardo alikuwa amelitaja jina lake kwa ile sauti ya chini, ile aliyoisubiri miaka kumi na tisa.

"Saa ngapi?" akauliza.