Kompyuta Yenye Jina Langu

Hivi umewahi kulionea wivu jina lako mwenyewe?

Rafiki yangu tuliyesoma naye alipata kazi niliyoiomba mimi. Mimi nina digrii. Yeye ana digrii na mjomba. Basi mchana mmoja alikuwa akihamishia mtandao wa ofisi kwenye anwani za ndani, zisizofikika kutoka nje. Kwenye DNS, yaani orodha ya majina ya kompyuta za mtandao, akawa anaandika upya jina la kila kompyuta na anwani yake mpya. Likatokea jina ambalo hakuliandika: langu kamili, majina yote matatu. Akalifuta, likarudi. Akaipima kompyuta yenye jina hilo kama iko hewani. Ikajibu.

Akanipigia. "Bro, umeingia kwenye system yetu?"

"Niingie wapi, na mlinzi alinifukuza getini na CV yangu?"

Akaufuata waya wa kompyuta hiyo huku simu iko wazi, hadi chumba cha seva, kiza kitupu. Waya ulizama ukutani, pasipo mlango. Nikasikia nyuma ya ukuta mtu anachapa, taratibu, kama mwajiriwa wa siku nyingi. Rafiki yangu akaliita jina langu. Kuchapa kukakoma. Mimi nilikuwa nimefumba mdomo, lakini sauti yangu ikaitika kule: "Naam, bosi."

Wakubwa wa ofisi ile, bomoeni huo ukuta mnionyeshe mliyemwajiri.