Mayai ya Mzee Pankrasi

Maiti ya Leticia ilikutwa kitandani, mtaa wa Bombambili, midomo imekauka, shuka zimelowa. Majirani walikwisha kutoa hukumu: mumewe, Dastan, kamtilia sumu. Inspekta Getruda Komba alimtia mahabusu kabla umati haujamtia kiberiti.

Majibu ya uchunguzi wa maiti yalimvuruga.

"Hakuna sumu," daktari alisema. "Ni bakteria wa kuhara, wameingia mpaka kwenye damu."

"Hakutibiwa?"

"Alitibiwa. Dawa halali, si feki. Bakteria hawa ni sugu, Afande. Tumewajaribu kwa kila dawa tuliyonayo. Hawafi."

"Usugu huo wameutoa wapi?"

"Mahali wanapokutana na dawa kila siku."

Getruda alirudi kwa Dastan. "Mkeo alikula nini ambacho jirani hakula?"

"Mayai ya baba mkwe. Aliyanywa mabichi, na maziwa. Hata mimi nilikunywa."

Trei iliyobaki jikoni ilipelekwa maabara. Bakteria walikuwa wale wale.

Getruda alimkuta Mzee Pankrasi, baba yake Leticia, huko Madaba, kwenye banda la kuku, bado amevaa nguo za msiba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Maji ya kuku yalikuwa ya njano.

"Umeweka nini humu?"

"Dawa."

"Ya kuku?"

"Ya watu. Nafungua vidonge, namimina."

"Wanaumwa?"

"Hawaumwi. Nawapa wasiumwe."

"Kwa nini, baba?"

"Kideri kiliwahi kuwamaliza kuku wote. Leticia akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada, akalia hapo mlangoni. Niliapa hatalia tena. Kuku hawa ndio waliomsomesha."

Getruda hakuwa na namna nzuri ya kulisema. Alilisema tu: bakteria waliomuua Leticia wamo kwenye mayai aliyompelekea.

Mzee alikaa chini, kwenye pumba na kinyesi.

"Nilimpelekea mwenyewe," alisema. "Nilimwambia anywe yote. Nifunge, mwanangu."

Pingu zilikuwa kiunoni. Getruda hakuzigusa. Ng'ambo ya ua, kwa jirani, maji ya kuku nayo yalikuwa ya njano.

Simu ikaita. Ilitoka kituoni: Dastan alikuwa anaharisha damu tangu asubuhi, wamemkimbiza hospitali.

Akampigia daktari. "Utampa dawa gani?"



"Nitamtundikia dripu ya maji," alisema. "Mengine sina."